Aina mpya za maua Uganda: mwinuko, mirabaha na nauli ya ndege

KAMPALA – Kila mwaka kampuni za Ulaya zinazozalisha aina mpya za maua huleta Afrika Mashariki mawaridi yenye rangi na majina mapya. Kwenye shamba la majaribio karibu yote hupendeza. Ni machache tu yanayoweza kumlipa mkulima wa pembezoni mwa Kampala, pamoja na wakala wake wa mizigo na dereva anayeyapeleka uwanja wa ndege wa Entebbe.

Sababu ni kwamba soko la maua ya kukata halinunui uzuri peke yake. Kabla ya kuuzwa, aina mpya hupita kwenye milango mitatu: hali ya hewa ya mahali inapolimwa, haki ya mwenye aina hiyo, na safari ya kwenda sokoni. Makala hii inaeleza milango hiyo kwa wafanyabiashara na wasafirishaji.

Kilimo cha maua Uganda kilivyoanza

Mawaridi ya kuuzwa nje yalianza kulimwa Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1990. Chama cha wauzaji maua nje, UFEA, kiliundwa mwaka 1993. Mashamba mengi yako karibu na Ziwa Victoria, katika wilaya za Wakiso, Mukono na Mpigi. Maji yapo karibu, na lori halihitaji saa nyingi kufika Entebbe.

Baadhi ya wakulima wa mwanzo walipanda mawaridi ya kichwa kikubwa, yale yanayopata bei ya juu mnadani Uholanzi. Hesabu haikuwatoka vizuri. Kampala iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200 na Entebbe takriban mita 1,150, wakati Naivasha nchini Kenya iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa baridi hulichelewesha ua, na ua linalochelewa hupata kichwa kikubwa na shina refu. Kando ya ziwa usiku una joto, hivyo ua huwahi kufunguka na kichwa hubaki kidogo.

Wakulima walihamia kwenye mawaridi ya kichwa kidogo, ambayo sokoni huitwa switihati. Frisco, waridi la manjano la kampuni ya Kordes ya Ujerumani, ni mfano wa kundi hilo. Kundi hili hupenda joto na huzaa sana: mita moja ya mraba yaweza kutoa mashina 200 na zaidi kwa mwaka, idadi ambayo waridi la kichwa kikubwa kwa kawaida halifikii. Bei ya shina moja ni ndogo, lakini mashina ni mengi na mepesi.

Njia ya pili ilikuwa vipandikizi vya krisantemumu. Shamba halikati ua bali ncha changa za mmea mama, ambazo husafirishwa bila mizizi hadi Ulaya na kuoteshwa huko. Miongoni mwa mashamba yaliyojenga biashara hiyo ni Fiduga wilayani Mpigi na shamba la Royal Van Zanten wilayani Mukono.

Aina mpya inavyozaliwa

Mgunduzi wa aina, yaani kampuni inayozalisha ua jipya, huchavusha waridi moja kwa mbelewele za jingine, kisha huotesha mbegu. Kila mbegu ni mmea tofauti. Kati ya maelfu ya miche ya mwaka mmoja, mingi hutupwa msimu wa kwanza. Iliyobaki hujaribiwa tena na tena, na kwa kawaida hupita miaka 7 au zaidi kabla ya aina moja kufika sokoni.

Aina iliyochaguliwa haizalishwi tena kwa mbegu, maana mbegu haitoi ua lilelile. Huzalishwa kwa kipandikizi au kwa kuunganishwa juu ya shina la mizizi. Katika Afrika Mashariki shina linalotumika sana ni Natal Briar.

Majaribio hufanywa mahali ambapo ua litalimwa. Matokeo ya Naivasha hayamtoshi mkulima wa Wakiso, kwa kuwa aina iliyotoa kichwa cha sentimita 5 kwenye baridi yaweza kutoa kidogo zaidi kwenye joto, na rangi ikabadilika. Kwa sababu hiyo mkulima mwangalifu hupanda mistari michache kwanza na kuhesabu mashina kwa mwaka mzima, ukiwemo msimu wa mvua ambapo ukungu hushambulia, kabla ya kujaza nyumba nzima ya plastiki. Mwaridi hukaa ardhini miaka 5 hadi 7, hivyo kosa la kuchagua aina hulipiwa kwa muda mrefu.

Kwa krisantemumu kuna jambo la ziada. Mmea huu hutoa maua usiku unapokuwa mrefu. Uganda iko kwenye Ikweta na usiku wake ni wa saa 12 hivi mwaka mzima, jambo linaloufanya mmea mama utake kutoa maua wakati wote. Mkulima huwasha taa usiku ili kulikatiza giza. Umeme ukikatika siku kadhaa bila jenereta, mimea mama huanza kuweka vitumba na vipandikizi vyake hupoteza thamani. Gharama ya dizeli kwa hiyo ni sehemu ya hesabu ya aina yoyote mpya ya krisantemumu.

Haki ya mwenye aina

Aina mpya nyingi zina mwenyewe kisheria. Mkulima hutia saini leseni na kulipa mirabaha, mara nyingi kwa kila mmea anaoupanda. Haruhusiwi kukata vijiti na kumpa jirani, wala kuvipitisha mpakani bila idhini.

Kenya ilijiunga na UPOV, umoja wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, mwaka 1999, na Tanzania mwaka 2015. Uganda ilipitisha sheria yake ya kulinda aina za mimea mwaka 2014. Chini ya mkataba wa UPOV wa 1991, ulinzi ni wa angalau miaka 20 kwa mimea mingi, na 25 kwa miti na mizabibu.

Mfanyabiashara asiyelima naye anaguswa. Mkataba huo unaweza kumpa mgunduzi haki juu ya maua yaliyovunwa, hasa pale ambapo mimea ilipandwa bila ruhusa naye hakupata nafasi ya kudai haki yake mapema. Shehena ya mashina yasiyo na leseni yaweza kuzuiwa katika nchi inakopelekwa, baada ya nauli yote kulipwa. Anayenunua maua ya aina yenye jina shambani na kuyauza nje anashauriwa kuomba nakala ya leseni, au barua ya mkulima inayotaja jina la aina na kampuni yake.

Hesabu ya nauli

Maua ya Uganda huenda Ulaya kwa ndege, na kwa miaka mingi wakulima wamelalamika kuwa nauli ya Entebbe iko juu kuliko ya Nairobi. Hapo uzito wa shina huwa na maana kubwa.

Tuchukue mfano wa kufanyia hesabu tu. Shina dogo lina gramu 15 na shina kubwa gramu 40. Kilo moja hubeba mashina madogo 66 au makubwa 25. Nauli ikiwa dola 2 kwa kilo, kila shina dogo hubeba senti 3 za nauli, na kubwa senti 8. Waridi kubwa lisipopata bei inayofidia tofauti hiyo, mwenye nalo hupata hasara hata kama ni zuri.

Ukubwa wa katoni nao huhesabiwa. Mashirika ya ndege hutoza uzito ulio mkubwa kati ya ule wa mizani na ule wa ujazo, na kanuni ya kawaida ni sentimita 6,000 za ujazo kwa kilo. Katoni ya sentimita 100 kwa 30 kwa 30 hutozwa kama kilo 15 hata ikiwa mizani inaonyesha 12. Aina yenye majani mengi hujaza katoni upesi, hivyo mfungashaji ajaribu kufunga katoni chache kabla ya mkulima kukubali oda.

Njia ya meli kutoka Mombasa inazungumzwa sana Kenya, ambako baadhi ya aina huchaguliwa kwa uwezo wake wa kukaa wiki kadhaa kwenye kontena la baridi. Kwa shamba la Wakiso, lori lazima kwanza lisafiri zaidi ya kilomita 1,100 hadi bandarini. Tangu mwisho wa 2023, mashambulizi dhidi ya meli katika Bahari ya Shamu yalizifanya meli nyingi kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na safari ikawa ndefu zaidi.

Hatari ya ndege pia inajulikana. Aprili 2010 majivu ya volkano ya Iceland yalifunga anga la Ulaya kwa siku kadhaa, na maua ya Afrika Mashariki yakatupwa. Machi 2020 bei kwenye mnada wa Uholanzi ziliporomoka kwa sababu ya korona.

Karatasi na ukaguzi

Tangu Desemba 2019 Umoja wa Ulaya hudai cheti cha afya ya mimea kwa karibu mimea yote inayoingia, yakiwemo maua ya kukata. Kwa mawaridi kuna nondo anayefahamika kwa wakaguzi kama FCM, kwa jina la kisayansi Thaumatotibia leucotreta, ambaye kiwavi wake hujificha ndani ya ua. Masharti maalumu juu ya mdudu huyo katika mawaridi yalianza Aprili 2025. Aina mpya inayovutia wadudu zaidi ya nyingine ni hatari kwa shamba zima.

Vipandikizi hukaguliwa kwa ukali zaidi kwa kuwa hupandwa tena. Mwaka 2003 bakteria wa mnyauko, Ralstonia, aligunduliwa Marekani katika mimea ya jerania iliyotokana na vipandikizi kutoka Kenya, na mimea mingi ikaharibiwa.

Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, mwenye duka la maua Kampala anayetaka waridi la kichwa kikubwa anaweza kuliagiza Kenya. Atahitaji kibali cha kuingiza mimea kutoka wizara ya kilimo ya Uganda, cheti cha afya ya mimea kutoka KEPHIS, na cheti cha uasili wa bidhaa ili asitozwe ushuru wa forodha. Kwa mzigo usiozidi dola 2,000 upo utaratibu wa cheti kilichorahisishwa, kwa bidhaa zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa. Miche na vijiti vya kupanda visichanganywe na maua ya kuuza.

Kwa soko la Ulaya, Uganda huingiza maua bila ushuru ikiwa miongoni mwa nchi zenye maendeleo duni. Kenya haimo katika kundi hilo, na mwishoni mwa 2014 maua yake yalitozwa ushuru kwa takriban miezi mitatu kabla ya msamaha kurejeshwa. Mkataba wake wa ushirikiano wa kiuchumi na Umoja wa Ulaya ulianza kazi Julai 1, 2024.

Kwa wasafirishaji

• Mawaridi yapoozwe shambani kabla ya kupakiwa. Jokofu la lori hutunza baridi, halipoozi katoni zenye joto. Joto linalotakiwa ni nyuzi 2 hadi 5 za Selsiasi.
• Usipakie maua pamoja na ndizi mbivu, maembe au maparachichi. Gesi ya matunda yanayoiva huzeesha maua, na aina nyingine huathirika upesi zaidi.
• Andika saa ya kupakia, saa ya kufika na joto la ndani. Mnunuzi akilalamika kuwa ua halikumaliza siku 7 kwenye chombo, maandishi hayo ndiyo utetezi wako.
• Februari 14 na Siku ya Mama huleta msongamano Entebbe. Nafasi ya ndege iwekwe mapema.

Maswali ya kujibu kabla ya kupokea aina mpya

1. Imejaribiwa kwenye mwinuko gani, na kwa misimu mingapi?
2. Hutoa mashina mangapi kwa mita ya mraba kwa mwaka?
3. Shina moja lina gramu ngapi, na katoni moja hubeba mashina mangapi?
4. Mirabaha ni kiasi gani, na leseni iko kwa jina la nani?
5. Hukaa siku ngapi kwenye chombo baada ya safari, si baada ya kukatwa tu?
6. Nani ameshaahidi kuinunua, na kwa bei gani nje ya msimu wa sikukuu?

Jibu likikosekana kwa swali la tatu au la sita, mistari michache ya majaribio inatosha kwa mwaka huo.