Swali la Usingizi katika Historia ya Tiba: Korogwe, Handeni na Mgonjwa wa Figo

Historia ya afya ya Korogwe na Handeni imeandikwa kwa kiasi kikubwa kupitia wadudu. James Giblin, katika kitabu chake cha mwaka 1992, anaonesha jinsi kudhoofika kwa udhibiti wa mazingira chini ya ukoloni kulivyoruhusu mbung'o kuenea Uzigua na njaa kurejea mara kwa mara. Korogwe nayo iliingia katika maandiko ya kitabibu ya dunia kupitia mbu: kuanzia mwaka 2009 hadi 2014 ilikuwa mojawapo ya vituo 11, katika nchi 7 za Afrika, vya jaribio la awamu ya tatu la chanjo ya malaria ya RTS,S, lililohusisha watoto zaidi ya 15,000. Mkabala huo una sababu zake, kwa kuwa malaria iliua na bado inaua. Hata hivyo, uliacha pengo ambalo sehemu hii ya tasnifu inalichunguza.

Tafiti za malaria hazikupuuza usiku. Kinyume chake, zilibisha hodi na kuuliza nani alilala ndani ya chandarua usiku wa kuamkia siku ya mahojiano. Swali hilo limo katika tafiti za kitaifa za mwaka 2007-08 na 2011-12. Mwanakaya aliulizwa alilala wapi na chini ya nini. Hakuulizwa kama alipata usingizi. Kiswahili hutenganisha mambo hayo mawili kwa uwazi: mtu huweza kulala tangu magharibi hadi kukucha bila kupata lepe la usingizi. Vivyo hivyo, anayekesha msibani au ibadani amechagua kuwa macho, ilhali aliyekosa usingizi hakuchagua. Nasisitiza tofauti hii kwa sababu hojaji inayotafsiri ukosefu wa usingizi kwa neno "kukesha" itapokea majibu yasiyolingana na swali.

Kwa mgonjwa wa figo, swali la usingizi ni jipya hata huko lilikoanzia. Willem Kolff alitengeneza mashine yake ya kusafisha damu mjini Kampen, Uholanzi, mwaka 1943, wakati wa vita, lakini kila matibabu yaliharibu mishipa ya mgonjwa. Ni mrija wa Belding Scribner, mjini Seattle mwaka 1960, uliowezesha damu ya mtu yuleyule kusafishwa tena na tena. Clyde Shields, mgonjwa wake wa kwanza, aliishi miaka 11 zaidi. Kabla ya hapo, kukosa usingizi kwa mwenye figo zilizoshindwa kulikuwa dalili mojawapo ya kifo kinachokaribia. Baada ya hapo kukawa sehemu ya maisha ya miaka mingi: kuwashwa ngozi, miguu isiyotulia, kubanwa misuli, pumzi kukatika na usingizi wa mchana kitandani penye mashine.

Vipimo vilifuata baadaye. Kile cha Pittsburgh cha mwaka 1989 kina maswali 19 kuhusu mwezi uliopita. Cha Charles Morin cha mwaka 1993 kina maswali 7 na alama 0 hadi 28. Cha Athens cha mwaka 2000 kina maswali 8, na alama 6 humtia mtu katika kundi la wanaoshukiwa. Vyote vitatu vilibuniwa kwa watu wanaodhaniwa kuamka kwa hiari yao au kwa maradhi yao.

Hapa ndipo jiografia inapokuwa sehemu ya hoja. Kusafisha damu kwa kawaida hufanyika mara 3 kwa wiki, takriban saa 4 kila mara, na mgonjwa wa Handeni anayefuata huduma hiyo Tanga, Moshi au Dar es Salaam huanza safari kabla ya alfajiri. Kutoka Handeni hadi Korogwe pekee ni takriban kilomita 65. Mtu huyo akiulizwa kama huamka mapema kuliko apendavyo, atajibu ndiyo, na kipimo kitaliandika basi la alfajiri kana kwamba ni ugonjwa. Upandikizaji wa kwanza wa figo nchini, uliofanyika Muhimbili Novemba 2017, ulifungua njia nyingine ya tiba, lakini kwa wengi mashine ndiyo iliyobaki, na safari pamoja nayo.

Tatizo la pili ni la saa zenyewe. Hojaji ya Pittsburgh hutaka mgonjwa ataje saa ya kupanda kitandani na saa ya kuamka. Mzungumzaji wa Kiswahili akisema "saa nne", anamaanisha usiku wa saa ambayo Mwingereza huiita ya kumi. Karani akiandika tarakimu 4 bila kuigeuza, hesabu nzima ya usingizi inavurugika, na mgonjwa anayelala vizuri huonekana kama aliyelala saa mbili tu. Kwa hiyo uchambuzi unaofuata unazisoma hojaji zilizojazwa sambamba na zamu ya mashine ya kila mgonjwa na saa aliyotoka nyumbani, na unatenga siku za safari na siku za kupumzika. Alama ya mgonjwa siku za kupumzika ndiyo inayolinganishwa na ya wagonjwa wa kwingineko.