Almasi ya njano ya Mbuji-Mayi na bei yake njiani

Likasi ni mji wa shaba na kobalti. Mtoto wa Tshangalele anatambua malakiti kwa kijani chake, na jiwe la njano linamkumbusha Shinkolobwe, kwenye urani, ambayo si ya kuchezea. Almasi ni mambo ya Kasai. Lakini Kasai haiko mbali na familia nyingi za hapa. Mwaka 1992 na 1993, wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Katanga, maelfu walilala kwenye stesheni ya Likasi wakingoja treni ya kwenda Mwene-Ditu. Kutoka huko wengi walifika Mbuji-Mayi, na watu waliozoea mshahara wa Gécamines wakaanza kujifunza biashara ya almasi.

Mji huo ulikuwa tayari na hadithi yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, msichana mdogo alikuwa akicheza nje, karibu na nyumba ya mjomba wake, kwenye rundo la mawe yaliyotupwa na mgodi wa MIBA. Akaokota jiwe la njano lenye karati 890. Karati tano ni gramu moja, basi lile jiwe lilikuwa na gramu 178, uzito wa kipande cha sabuni. Mitambo ya mgodi ililiacha lipite kwa sababu ya ukubwa wake.

Mtoto alimpa mjomba. Mjomba aliwauzia wanunuzi wa palepale, nao wakawauzia Walebanoni wa Kinshasa, kisha likafika Antwerp, Ubelgiji, mikononi mwa De Beers. Mwaka 1984 lilionyeshwa Washington, na baada ya kukatwa likabaki na karati 407.48. Wakaliita Incomparable, yaani lisilo na mfano. Baadaye lilikatwa tena hadi karati 303.10, rangi ionekane nzito zaidi, na Desemba 2022 likauzwa mnadani New York kwa dola milioni 12.4.

Kwa nini mtu akate karati mia moja na kuzitupa? Hapo ndipo siri ya kununua njano. Rangi hiyo inatokana na naitrojeni iliyoingia ndani ya jiwe likiwa bado chini ya ardhi. Njano hafifu, kama maji ya chai nyepesi, inashusha bei. Njano nzito inaipandisha sana. Mchimbaji aliyesikia kwamba njano ni mbaya anaweza kuuza zote mbili kwa bei moja, na mnunuzi hatamsahihisha.

Tena almasi nyingi za Mbuji-Mayi ni za viwandani, za kukatia na kutobolea, hazina bei ya kito. Ndiyo maana mnunuzi ana neno tayari: hii ni ya kiwandani tu, baba.

Hadi mwaka 1982 mtu binafsi hakuruhusiwa kuchimba wala kuuza. Mobutu alifungua biashara hiyo mwaka ule, na nyumba za kununulia zikajaa mjini. Sheria ilifungua mlango, ila haikumpa mchimbaji mizani wala lenzi. Vyote viwili vilikaa, kama vinavyokaa mara nyingi hadi leo, upande wa mnunuzi wa meza.

Na yule mtoto? Katika maelezo ya jiwe, Oppenheimer wa De Beers na Zale wa Marekani wametajwa kwa majina. Yeye anaitwa msichana mdogo.