Historia ya Wapigaji Chepkong' wa Kapkatet

Muziki wa Wakipsigis, tawi la Wakalenjin ambalo makao yake makuu ni Kericho na Bomet lakini ambalo limeenea pia Njoro, Molo na Kuresoi upande wa Nakuru, uliegemea kwa muda mrefu chepkong', yaani ala ya nyuzi yenye bakuli la mti lililowambwa ngozi na mikono miwili iliyounganishwa kwa upau, ambayo ni ndugu wa karibu wa nyatiti ya Waluo.

Reli ilipofika Nakuru mwaka 1900 na mashamba ya walowezi yakafuata, bidhaa za kigeni zilipanda hadi vilima vya Kericho, na baadaye gramafoni na santuri zikawamo. Miongoni mwa sauti zilizosikika humo ni ya Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi aliyefariki mwaka 1933, ambaye jina lake lilitamkwa Chemirocha. Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika akirekodi muziki wa wenyeji, alinasa Kapkatet, katika nchi hiyo ya Wakipsigis, nyimbo tatu zenye jina hilo, na ya tatu, iliyoimbwa na Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wenzake, ndiyo iliyovuma, kwa kuwa Tracey aliandika kwamba Chemirocha alidhaniwa kuwa nusu mtu, nusu swala.

Maelezo hayo yamewashughulisha mno wasikilizaji wa ng'ambo, hata yakafunika ustadi wenyewe, ambao ndio unaostahili heshima: wasichana hawakumwiga Rodgers hata kidogo, bali walimtia mgeni huyo katika utaratibu wa ngoma ya kwao, sauti zao zikipokezana juu ya mzunguko mfupi wa nyuzi unaojirudia bila kuchosha.

Vizazi vilivyofuata vilishika gitaa. Mjini Kericho duka na studio ya Chandarana, mali ya familia ya Kihindi, vilirekodi bendi nyingi za benga, na Kipchamba arap Tapotuk, akiongoza Koilonget Band, aliimba kwa lugha ya kwao na kupendwa kote Bonde la Ufa hadi kifo chake mwaka 2007. Nazo kanda za Tracey zilihifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki wa Kiafrika aliyoianzisha mwaka 1954. Nakala zake ziliporudishwa Kapkatet katika muongo wa 2010, baadhi ya waliorekodiwa ujanani walikuwa wangali hai, wakazipokea kwa mikono yao.