Neno "Kiwango" katika Historia ya Mawasiliano Yasiyo na Waya

Mfasiri wa habari za kompyuta na televisheni zinazounganishwa bila waya hutatizwa na neno moja: kiwango. Kwa neno hilo twataja kanuni waliyoafikiana watengenezaji, na kwa hilo hilo twataja kasi ya kupeleka data. Historia inaonyesha hasara yake.

Mwezi Februari 2002, Tume ya Mawasiliano ya Marekani iliruhusu redio za nguvu ndogo mno kutumia masafa mapana, tangu gigahezi 3.1 hadi 10.6. Ilitumainiwa kwamba picha za video zingetoka kwenye kompyuta hadi televisheni chumbani humo humo pasipo waya. Taasisi ya wahandisi, IEEE, ilikipa kikundi cha 802.15.3a kazi ya kuandaa kanuni moja. Wajumbe wakagawanyika. Upande mmoja ulitaka masafa yakatwe vipande. Wa pili ulitaka mipigo mifupi inayoenea katika upana mkubwa. Asilimia 75 ya kura ilihitajika, wala hakuna aliyeipata. Januari 2006 kikundi kikavunjwa.

Kila upande ukashika njia yake. Kanuni ya Wireless USB, iliyotolewa 2005 kwa kufuata upande wa kwanza, ilitaja megabiti 480 kwa sekunde katika mita 3, na 110 katika mita 10. Lakini mwaka 2009 umoja wa WiMedia, uliousimamia upande huo, ulikabidhi hati zake kwa wengine na kufunga shughuli. Wi-Fi, ambayo kanuni yake ya msingi ilipitishwa 1997, ilikwisha kuingia majumbani.

Basi, mfasiri akiandika kwamba "kiwango kilishindikana", msomaji atadhani mitambo haikuweza kasi hiyo, kumbe kilichoshindikana ni mapatano. Shirika la Viwango Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya 1975, limekwisha kulizoesha umma neno hili kwa maana ya kanuni. Twaona liachiwe maana hiyo katika fani hii, na wingi wa data kwa sekunde uitwe kasi, hata pale mazoea yanapovuta kwingine.

Tena isiandikwe "kiwango kisicho na waya", kwani kisicho na waya ni mawasiliano. Ingawa hapa tusijidai mno: neno simu lenyewe asili yake ni Kiajemi, na maana yake ni waya, hata hivyo wazee wetu walisema "simu ya upepo" na wakaelewana.