Majina 30 ya Aboke: kampeni ya wazazi kabla ya alama ya reli

Kila wasichana wa shule wanapotekwa mahali fulani Afrika, huwa napata ujumbe wa aina moja kutoka kwa marafiki hapa Nakuru: "Wewe ni mtu wa programu, tutengenezee kitu." Wengine wanataka tovuti ya kukusanya saini, wengine ramani. Sikatai. Ila leo tuiache tarakilishi kando kidogo, tutazame historia ya jirani zetu Uganda, huko yanakoelekea mabasi ya Kampala yanayopita mjini kwetu.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Oktoba 1996, waasi wa LRA wa Joseph Kony walivamia shule ya bweni ya St. Mary's, Aboke, kaskazini mwa Uganda, wakachukua wasichana 139. Naibu mwalimu mkuu, mtawa Mwitaliano aitwaye Sista Rachele Fassera, hakungoja wanajeshi. Alifuata nyayo msituni pamoja na mwalimu John Bosco Ocen mpaka wakawafikia. Kamanda wa waasi aliinama akaandika hesabu chini: wasichana ni 139, nakupa 109, nabaki na 30.

Basi 109 wakarudi, na 30 waliobaki wakajulikana mmoja mmoja kwa majina. Sisi watu wa hifadhidata tunajua thamani ya jambo hilo. UNICEF ilikadiria kwamba watoto zaidi ya 20,000 walitekwa katika vita ile, na wengi wao walichukuliwa mashambani, huyu leo na yule kesho, pasipo rejista yoyote. Ni rahisi dunia kusahau mtu ambaye hakuandikwa popote.

Wazazi walianzisha Concerned Parents Association mjini Lira. Miongoni mwa viongozi wake alikuwa mkunga, Angelina Atyam, ambaye binti yake wa miaka 14 alikuwa kati ya wale 30. Hawakuwa na barua pepe wala rununu. Walikutana kusali, wakaandika barua, wakazungumza na kila mwandishi wa habari aliyekubali kusikiliza. Sista Rachele naye alikwenda mpaka Sudan, kwani serikali ya Khartoum ndiyo iliyokuwa ikiwapa waasi hifadhi. Papa Yohane Paulo II alitoa wito wasichana waachiliwe. Mwaka 1998 Tume ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilipitisha azimio kuhusu watoto waliotekwa kaskazini mwa Uganda, na mwaka huohuo Mama Angelina akapewa tuzo ya haki za binadamu ya Umoja huo.

Kelele zile ziliwauma waasi. Mama Angelina akaletewa ujumbe: nyamaza, utarudishiwa binti yako. Akajibu kwamba anawataka wote. Hebu mzazi anayesoma hapa ajiulize angejibuje. Mimi sina hakika na jibu langu. Alikwishasema kwamba kila mtoto aliyetekwa ni mtoto wake, na kumchukua mmoja peke yake kungeua kampeni nzima. Binti yake alikaa msituni mpaka 2004, alipotoroka mwenyewe.

Tukija kwenye vyombo, redio ndiyo iliyofanya kazi kubwa, nami nasema hivyo ingawa ningependa iwe programu. Uganda ilipitisha sheria ya msamaha mwaka 2000. Kisha Mega FM ya Gulu ikawa inawaweka hewani vijana waliotoroka, wazungumze Kiacholi na wenzao waliobaki: nimefika nyumbani, sikuuawa, njoo. Makamanda walikuwa wakiwaambia mateka kwamba wakirudi watauawa. Sauti ya mtu unayemjua inavunja uongo huo.

Sisi tulipata letu Januari 2008, Nakuru na Naivasha zilipokuwa zikiwaka moto baada ya uchaguzi. Ory Okolloh alitoa wazo la ramani ya matukio, na David Kobia na wenzake wakaandika kodi ya Ushahidi kwa siku chache. Mwananchi alituma habari, mtu mwingine akaichunguza kadiri alivyoweza. Mwaka 2011 wazo la namna hiyo likatumika dhidi ya LRA: vijiji vya Kongo na Afrika ya Kati vilipewa redio za masafa marefu, na taarifa za utekaji zikawekwa kwenye ramani mtandaoni. Ukilinganisha na ile video ya Kony ya Machi 2012, iliyotazamwa mara milioni 100 kwa siku 6, mimi nachagua redio za vijijini.

Chibok, Nigeria, walitekwa wasichana 276 Aprili 2014. Alama ya reli ilizunguka dunia kwa wiki chache. Waliokaa Abuja wakikutana siku baada ya siku, majina mkononi, ndio waliokuwa bado wanadai wasichana 21 walipoachiliwa 2016 na 82 mwaka 2017.

Kwa hiyo anayetaka tovuti kwangu namuuliza kwanza: orodha ya majina anayo nani, na familia zimekubali itangazwe? Halafu namuuliza nani atalipia kikoa mwaka wa nane. Msichana wa mwisho wa Aboke aliyerudi alifika nyumbani Machi 2009, zaidi ya miaka 12 tangu usiku ule. Baadhi ya wenzake walifia msituni.