Nani alitwambia hatuna sauti? Historia fupi ya kujifunza kuimba, kwa macho ya Bukavu



Nilipokuwa darasa la nne, mwalimu alitupanga mistari kwa ajili ya sikukuu ya mwisho wa mwaka. Akapita akisikiliza kila mtoto. Alipofika kwangu aliinama, akaniambia polepole: «Weye fungua tu kinywa, usitoe sauti.» Nikatii. Nimefungua kinywa bila sauti zaidi ya miaka ishirini: kanisani, kwenye ndoa, hata kwenye kilio cha ndugu zangu mwenyewe. Mwaka jana njo nilipata ujasiri wa kuomba nafasi katika shorali ya mtaa wetu, au kwaya kama wanavyosema ndugu wa Tanzania. Sikujua hata do iko wapi.

Mimi nilisoma historia, na ugonjwa wa watu wa historia munaujua: hatuwezi kuingia pahali bila kuuliza mlango ulijengwa na nani. Basi nikajiuliza, hii desturi ya kugawanya watu, wenye sauti huku na wasio na sauti kule, ilitoka wapi?

Angalieni kwanza kilio cha kwetu. Mmoja anatupa wimbo, wengine wanaitikia. Mtoto anajifunza akiwa mgongoni kwa mama yake, kisha akiwa pembeni, kisha siku moja anatupa yeye. Hakuna anayefanyiwa mtihani kabla ya kuitikia. Ukikosea, sauti za wengine zinakufunika na kukurudisha njiani. Hiyo ni shule, hata kama haina ubao.

Kisha ikaja shule ya pili. Upande wa Katoliki, Vikarieti ya Kivu iliundwa 1929, na Bukavu ikawa jimbo kuu mwaka 1959. Wakati vikarieti inaanza, sheria ya muziki kanisani ilikuwa barua ya Papa Pio wa 10 ya tarehe 22 Novemba 1903. Barua hiyo iliweka wimbo wa Kigregori kuwa mfano wa nyimbo zote. Ilikataza piano kanisani, ikakataza na ngoma. Na ilisema kwamba wanawake hawawezi kuwa sehemu ya kundi la waimbaji, kwa sababu kuimba huko ni kazi ya ibada. Si kila pahali sheria ilishikwa kwa ukali mmoja, lakini fikirini mwenyewe: mtu wa Kivu anayeanza kuimba anakuta Kilatini, lugha ambayo hakuna mama anayeiongea nyumbani, ngoma iko nje, na mama yake pia yuko nje ya kundi. Hapo kuimba kunaanza kuwa kazi ya waliochaguliwa.

Kinachonishangaza ni kwamba hata ile do-re-mi yenyewe ilibuniwa kwa ajili ya watu wasiojua kitu! Katika karne ya 11 kulikuwa na mtawa wa Italia, Guido wa Arezzo, aliyechoka kuona waimbaji wakimaliza miaka kumi wakikariri nyimbo kwa masikio tu na bado hawawezi kuimba wimbo mpya peke yao. Akachukua silabi za mwanzo wa mistari ya wimbo mmoja wa Kilatini wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji: ut, re, mi, fa, sol, la. Baadaye ut ikageuka do. Akapanga noti juu ya mistari, ili jicho lisaidie sikio. Katika barua kwa rafiki yake anasimulia kwamba Papa Yohane wa 19 alimwita Roma, akachukua kitabu chake, na hakuinuka pale mpaka alipoimba mstari mmoja ambao alikuwa hajausikia hata siku moja. Yaani Papa mzima alikaa chini kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Hakuna aliyemwambia afungue kinywa tu.

Milango ilianza kufunguka polepole. Mwaka 1955 Papa Pio wa 12 alilegeza sheria kuhusu wanawake. Mwaka 1958, kule Kamina, Katanga, padri mmoja Mfransisko kutoka Ubelgiji, Guido Haazen, pamoja na watoto na walimu wa kundi la Les Troubadours du Roi Baudouin, walitoa Missa Luba: maneno ya Kilatini, lakini sauti na ngoma za kwetu. Sehemu kubwa haikuandikwa kwanza kwenye karatasi. Waliitunga pamoja wakiimba, mmoja anatupa, wengine wanapokea. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa pili wa Vatikano ukasema wazi kwamba muziki wa mataifa upewe heshima yake katika ibada. Na mwaka 1988 Roma ikakubali misa kwa desturi ya Zaire. Leo ukipita Kadutu, Ibanda ao Bagira siku ya mazoezi, utasikia wakina mama wakiongoza na ngoma iko katikati.

Lakini mlango ambao ulinigusa zaidi uko hapa hapa Panzi. Hospitali ya Panzi ilianzishwa mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2018. Tangu 2015, Fondation Panzi na shirika la Kanada Make Music Matter wanaendesha pale programu ya tiba kwa muziki inayoitwa Healing in Harmony. Wanawake waliotendewa ukatili wakati wa vita wanakaa kwa kikundi pamoja na mtaalamu wa saikolojia na mtayarishaji wa muziki. Wanatunga maneno yao wenyewe, wanayarekodi studio, kisha wanaimba mbele ya watu. Hawaitwi wagonjwa, wanaitwa wasanii. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 kuhusu wanawake wa kijijini katika Kivu Kusini ulionyesha kwamba waliopita katika programu hiyo walipungukiwa na dalili za huzuni nzito, wasiwasi na kiwewe.

Hakuna aliyewauliza kwanza kama wana sauti nzuri. Waliulizwa wana nini cha kusema. Wimbo hauondoi vita wala hauleti haki mahakamani, tusidanganyane. Lakini mtu aliyenyamazishwa kwa nguvu, akisikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye spika, anajua kwamba bado iko.

Mimi kilio changu ni kidogo sana mbele ya hayo, naona hata haya kukitaja karibu yake. Lakini kimenifundisha kusoma historia hii vizuri. Kila mara mlango ulipofungwa, walisema ni sheria ao ni kipaji. Kila mara ulipofunguliwa, ilionekana wale wa nje walikuwa na sauti siku zote. Watu ambao sikio lao kweli haliwezi kutofautisha noti wako, lakini ni wachache sana. Sisi wengine tulikosa mazoezi tu.

Sasa niko tenor, mstari wa nyuma. Maestro alinipa sheria tatu: simama wima, vuta pumzi mpaka tumboni, sikiliza kabla ya kutoa. Kisha akaniweka kati ya wazee wawili wenye sauti imara. Wiki ya kwanza nilikosea vibaya, nikanyamaza. Mzee wa kulia akanigusa bega: «Mutoto, imba. Ukipotea tutakurudisha.»

Ilikuwa ni kilio cha kwetu tena, shule ile ya zamani, ila safari hii iko na karatasi ya noti mkononi.

Mukubwa, mudogo unayesoma hapa: wewe nani alikwambia hauna sauti? Na, tuulizane pia, sisi tumemwambia nani?