Hesabu ya Matone

Katriji ya kwanza niliyojaza kwa mkono wangu ilivuja kwenye mfuko wa shati, ndani ya matatu ya asubuhi. Nilikuwa nimeijaza juisi hadi mdomoni, nikidhani nikitia nyingi nitavuta nyingi. Nikaishia na doa la harufu ya embe kifuani, na vepu yenyewe ikawa inatokota kama sufuria ya uji kila nilipovuta. Sikuwa mtaalamu. Nilikuwa tu mtu asiye na doo za kununua katriji mpya kila baada ya siku mbili.

Jioni hiyo, nikitafuta nilipokosea, niligundua kwamba kosa langu lina historia. Watu walilifanya kabla yangu, wakajifunza, halafu viwanda vikajitahidi kuhakikisha wengine wasihitaji kujifunza. Hapo ndipo kisa hiki kinaponihusu.

Wazo la sigara isiyowaka ni la zamani kuliko tunavyodhani. Mmarekani Herbert A. Gilbert wa Pennsylvania aliomba hataza ya sigara isiyo na moshi wala tumbaku mwaka 1963, akapewa mwaka 1965. Hakupata kiwanda cha kuiuza sokoni. Vepu tunayoijua leo ilitoka China mwaka 2003, kwa mfamasia anayeitwa Hon Lik. Alikuwa mvutaji sugu, na baba yake, mvutaji pia, alikufa kwa saratani ya mapafu. Kampuni iliyouza kifaa hicho ilijiita Ruyan, jina linalomaanisha "kama moshi".

Zile za mwanzo zilizofika Ulaya na Marekani kuanzia 2006 zilikuwa na sehemu tatu: betri, kichwa chenye waya wa joto, na katriji ndogo ya plastiki ambayo pia ndiyo ulioweka mdomoni. Ndani ya katriji mlikuwa na nyuzi kama pamba ya kujazia mito, zimeloweshwa juisi ya glisarini, propilini glikoli, ladha na nikotini. Zikikauka, ulitakiwa utupe katriji na ununue nyingine.

Watu hawakutupa. Walichomoa zile nyuzi kwa kibanio, wakadondosha matone machache, wakangoja yanywewe, wakaongeza mengine. Kipimo kilikuwa jicho: nyuzi zing'ae lakini zisiogelee. Ukizidisha, juisi inafurika kwenye waya na kuingia mdomoni, au mfukoni kama yangu. Nyuzi za kiwandani zilipowaudhi, wakazitoa kabisa. Kuna waliokata vifuko vya majani ya chai, wakaviosha na kuvikunja ndani ya katriji. Wengine walitumia sponji ya kuchujia maji ya samaki wa mapambo. Usicheke. Fundi wa jua kali angewaelewa mara moja.

Nyanya yangu pia angewaelewa, maana alilelewa na koroboi. Utambi hauamrishwi, huyanywa mafuta polepole. Ukiuacha ukauke haukupi mwanga, unajichoma wenyewe na nyumba nzima inanuka. Vepu ni vivyo hivyo. Pamba ikikauka, waya unaiunguza pamoja na mabaki ya juisi, koo linawasha, na joto hilo la kupita kiasi huzalisha kemikali kama fomaldehidi. Kwa hiyo wale wajazaji wa kwanza walijua jambo linaloonekana kinyume: ukitaka katriji idumu, usiikamue hadi tone la mwisho. Ijaze kabla haijakauka, ingoje dakika kadhaa inywe, vuta kidogokidogo, na ukisikia ladha ya kuungua, acha. Hiyo pamba imekwisha kazi.

Lakini faida kubwa zaidi waliyoipata nadhani hawakuitafuta. Ili ujaze, lazima upime. Mtu aliyekuwa akidondosha matone alijua ameanza na chupa ya ukubwa gani, ina nikotini kiasi gani, na imemchukua siku ngapi. Sigara ya kawaida nayo ina kipimo chake. Sheria yetu ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza kuuza sigara mojamoja, ingawa kila mtaa una kibanda kinachouza. Hata hivyo, anayenunua mbili anajua amenunua mbili, na kila moja inaungua hadi kwenye kichungi, basi. Vepu haina kichungi cha kukuambia umefika mwisho.

Kwa muda teknolojia ilifuata wajazaji. Kuanzia mwaka 2009 hivi, waya na pamba viliunganishwa kuwa kipande kimoja, kisha vikaja vitangi vyenye ukuta unaopitisha mwanga, ukaona juisi ikipungua. Hata sheria ikaanza kuhesabu. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya 2014, yaliyoanza kutumika 2016, yaliweka mipaka: tangi lisizidi mililita 2, chupa ya kujazia isizidi mililita 10, na nikotini isizidi miligramu 20 kwa kila mililita.

Kisha mwaka 2015 JUUL ikaingia sokoni Marekani, na mlango ukafungwa. Katriji yake ilikuwa na mililita 0.7 tu, imezibwa, haikukusudiwa kufunguliwa. Nikotini yake ilikuwa ya aina ya chumvi, ambayo ni laini kooni, kwa hiyo mtu angeweza kuvuta juisi kali bila kukohoa. Ile ya asilimia 5 ilibeba takriban miligramu 40, na kampuni yenyewe ililinganisha katriji moja na pakiti nzima ya sigara. Desemba 2018, Altria, wenye Marlboro nchini Marekani, walilipa dola bilioni 12.8 kununua asilimia 35 ya kampuni hiyo. Hizo si pesa za kumsaidia mtu ajaze chupa yake nyumbani.

Mwaka uliofuata ukawapa wapenda katriji zilizofungwa hoja nzito. Wamarekani walianza kulazwa wakiwa na mapafu yaliyojeruhiwa, na kufikia Februari 2020 walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 2,807 na vifo 68. Uchunguzi ulielekeza kidole hasa kwenye katriji za bangi zilizonunuliwa vichochoroni, zilizochanganywa na mafuta ya vitamini E asetati. Mafuta hayo si ya kuvutwa mapafuni. Tofautisha hapo: aliyejaza juisi anayoijua na aliyenunua katriji iliyojazwa na mtu asiyemjua hawakuwa wakifanya kitu kimoja.

Mwanzoni mwa 2020 Marekani ilizuia ladha nyingi kwenye katriji, lakini ikaacha vepu za kutupa nje ya zuio hilo. Soko likahamia huko. Sasa hata katriji hakuna. Kifaa kizima, pamoja na betri ya lithiamu, kinaenda kwenye pipa. Uingereza ilipiga marufuku kuviuza kuanzia tarehe 1 Juni 2025. Nairobi naviona kwenye mitaro, vimepakwa rangi za peremende, kama vile vimedondoshwa na watoto.

Mimi nilirudi kwenye chupa kwa sababu ya umaskini, si kwa hekima. Nilinunua ya mililita 10, nguvu miligramu 20, na kwa mzaha nikaiandika tarehe kwa kalamu. Baada ya siku nne ilikuwa tupu. Nikakaa kitandani nikapiga hesabu: miligramu 200 kwa siku nne, yaani 50 kwa siku. Zaidi ya katriji nzima ya JUUL kila siku. Na mimi ndiye niliyekuwa nikiwaambia marafiki, "Mimi navuta kidogo tu, si kama nyinyi." Sikuwa nadanganya. Sikuwa najua, kwani nani alikuwa amewahi kunionyesha?

Chupa iliyofuata nilichukua nguvu ya 12, halafu 6. Sikuwa shujaa. Kuna wiki nilivuta mara mbili zaidi ili nifidie, na tarehe kwenye chupa zikanishtaki. Lakini angalau kulikuwa na kitu cha kunishtaki.

Kama hujawahi kuvuta, kisa hiki hakikualiki. Kama unavuta, na unajaza mwenyewe, jua unachojaza, kifunge mbali na watoto maana nikotini ni sumu ikimezwa, na usisubiri pamba iungue. Halafu tafuta kalamu. Andika tarehe kwenye chupa kabla hujaifungua.